Ratiba ya Alhamisi

Nimechana kalenda ya duka la vitambaa, mwezi uliokwisha;
nyuma yake ni nyeupe, inapokea kalamu.
Juu nimeandika BOLONYA. Chini kabisa, RIMINI.
Katikati nimeacha nafasi ya vituo
kama tulivyoacha kwenye daftari la stesheni ya Tanga
miaka ile nilipokaa nyuma ya kidirisha
nikiuza Muheza, nikiuza Korogwe, nikiuza Mombo,
mkono ukiingia na noti, ukitoka na kikaratasi kigumu.

Mwanamkasi ana siku moja.
Bibi anayemwogesha atachukuliwa na wanawe, asubuhi mpaka usiku.
Anataka bahari. Miezi kumi na minne hajaiona.
Gari hana, leseni hana, na rafiki mwenye gari
ni yule ambaye sisi wawili tumekubaliana asiombwe.
Basi ni reli.

"Treni ya saa nane na dakika sita," kasema.
Nikashika kiuno: saa nane! Jua limeshapinda,
utafika lini, utarudi lini?
Akacheka mpaka simu ikakwaruza.
Mama, nane yao ni mbili yetu.
Na hiyo mbili, wewe huko Ngamiani, itakuwa tatu.
Nikaandika 8, nikaandika 2, nikaandika 3,
saa tatu kwa treni moja.

Ya haraka ina bei ya kuumiza. Hiyo aipishe.
Ile isimamayo kila penye benchi
ndiyo treni ya mtu mwenye akili: ukiikosa, yaja nyingine.
Ananitajia vituo, naandika nisikiavyo:
Imola, Faensa, Forli, Chezena.
Navirudia kwa sauti ya kituoni,
sauti niliyokwisha kuistaafisha,
na Bi Semeni anauliza ng'ambo ya ukuta nani anasafiri.

Sasa sikiliza. Tiketi ya karatasi igongeshe
kwenye mashine kabla hujapanda.
Nimemwambia mara tatu. Anasema anajua.
Wote walisema wanajua. Nimesikia walivyoteremshwa Pongwe
na kujua kwao mkononi.

Mkate na mayai atoke navyo kwake, chai kwenye chupa.
Kanga moja ya kutandika, kwani kule, anasema,
kiti cha ufukweni kinalipiwa.
Kulipia kukaa mbele ya maji?
Sikuendelea na hilo, nisingelala.
Kutoka stesheni ni robo saa kwa mguu.
Kurudi, ya saa kumi na moja; nikaongeza ya saa kumi na mbili
kwa penseli, maana namjua akiona maji.
Kwetu husemwa waja leo, waondoka leo,
na waliojigamba hivyo wana wajukuu Chumbageni.
Wewe, nimemwambia, ondoka kweli.

Akanyamaza kidogo. Kisha:
"Na wewe, Mama, uliwahi kuipanda?"
Niliwauzia watu njia nzima hadi Arusha.
Mimi mwisho wangu Muheza, msibani, na nilirudi kwa lori.
Kila mwaka nilisema mwaka ujao,
hata siku moja kidirisha kikapigiliwa mbao
na nyasi zikajigawia nafasi kati ya mataruma.
Nikamjibu: mtandao unakatika.
Haukukatika.

Usiku nimefungua kopo la biskuti.
Koleo la kutobolea tiketi limo, chini ya vifungo;
lilipaswa kurudishwa, sikulirudisha.
Nimelitia tone la mafuta ya nazi.
Alhamisi, saa tatu na dakika sita ya kwangu,
nitakaa mezani na kalenda
na pembeni mwa BOLONYA nitabana.
Tundu moja, safi. Halali ya kwenda.
La kurudi sitoboi mpaka apige simu.